Kutembea huku ukihesabu: shajara ya kukipima kipimo chenyewe, Tanga 2025

14 Januari 2025: Tunaanzia wapi

Wazee wengi tunaowapokea kwenye fiziotherapia wanafika wakiwa wameshaanguka. Nyonga imevunjika, au kiganja kimepinda kwa sababu mtu alijikinga kwa mkono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka kunaua watu 684,000 kwa mwaka duniani, na zaidi ya 80% ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tunachotaka ni kumjua mzee aliye hatarini kabla hajaanguka.

Njia moja iliyozoeleka ni kumtazama mtu akitembea huku akili yake ina shughuli nyingine. Mwaka 1997 Lillemor Lundin-Olsson na wenzake wa Sweden walichapisha ripoti fupi sana iliyobadilisha mambo. Walitembea na wazee 58 waliokuwa wakiishi kwenye makazi ya wazee, wakaanzisha mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Katika hao 12, 10 walianguka ndani ya miezi 6 iliyofuata. Maana yake ni kwamba kutembea si kazi ya miguu tu. Mwendo unatumia akili, na mtu ambaye akili yake yote imekwisha kwenye miguu hana akiba ya kuongea.

Tangu hapo kazi za pili zimekuwa nyingi: kuhesabu kurudi nyuma, kutaja majina ya wanyama, kubeba kikombe cha maji. Nasi tunataka kutumia mojawapo. Ila kabla ya kumwambia mzee yeyote kwamba mwendo wake unashuka, lazima tujue kwamba kipimo chetu kikirudiwa wiki ijayo, kwa mtu yule yule ambaye hajabadilika, kitatoa jibu lile lile. Mradi huu unauliza swali hilo tu. Kutabiri nani ataanguka ni kazi ya baadaye.

Mpango: watu wa miaka 60 na zaidi (ndio umri wa uzee kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003), wanaotembea bila msaada wa mtu. Wanapimwa, wanarudi baada ya wiki moja, wanapimwa tena. Wiki moja inatosha kusahau majibu, na ni fupi kiasi kwamba hali ya mwili haitarajiwi kuwa imebadilika.

Vifaa na gharama mpaka leo: tepu ya kupimia ya mita 30, Sh 12,000. Tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, kwa ajili ya kuweka mistari sakafuni, Sh 2,500. Viti viwili vya plastiki tumeazima. Saa ya sekunde ni ya kwenye simu. Atakayeiga kazi hii akitaka kuchapisha matokeo atangulize kibali cha maadili ya utafiti na ridhaa ya kila mzee. Sisi tulishughulikia hayo kabla ya kugusa tepu.

29 Januari 2025: Korido imeshindikana

Tulianza kwenye korido kwa sababu ina kivuli. Njia inatakiwa iwe mita 14: mita 2 za kuchanganya mwendo, mita 10 zinazopimwa, mita 2 za kupunguza. Bila zile mita za mwanzo na mwisho unapima jinsi mtu anavyoondoka na anavyosimama, na hicho ni kitu kingine.

Tatizo la korido ni watu. Bibi mmoja alikuwa anatembea huku akihesabu kurudi nyuma kwa kutoa tatu tatu, amebakiza kama mita 3 kufika mstari wa mwisho, mtoto wa shule akapita akamwambia, "Shikamoo bibi." Bibi akasimama kabisa, akamgeukia. "Marahaba mwanangu, hujambo? Mama hajambo?" Mtoto akajibu, akaenda zake. Bibi akaanza tena kutembea, na akaendelea kuhesabu kutoka namba ile ile aliyoiachia, bila kukosea.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi kichwani. Kwa kufuata ripoti ya 1997 neno kwa neno, huyu angeandikwa miongoni mwa waliosimama walipoongeleshwa. Lakini mtu aliyeshikilia namba kichwani wakati wa salamu nzima na kuirudia sawasawa hana upungufu wa akiba ya akili. Alisimama kwa sababu mtu mzima aliyelelewa pwani hapokei shikamoo huku anaondoka. Hiyo ni adabu, na ni ya miaka yote ya maisha yake. Kwa hiyo mazungumzo tumeyaondoa kabisa kwenye orodha ya kazi za pili. Anayetaka kuyatumia huku kwetu lazima kwanza atenganishe kusimama kwa heshima na kusimama kwa kuelemewa, na sisi hatukuona njia safi ya kufanya hivyo.

Marekebisho: tumehamia varanda ya nyuma, ambako hakupiti mtu. Mpimaji anamaliza salamu zote kwenye kiti, anatoa maelekezo, anasema "Haya, anza," kisha hatoi sauti yoyote mpaka mzee avuke mstari wa mwisho. Hata "vizuri sana bibi" tumeifuta. Neno la kutia moyo katikati ya njia linaongeza kasi kwa wengine na kuwasimamisha wengine ili waseme asante.

11 Februari 2025: Kutafuta kazi ya pili

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda.

*Kutoa saba saba kuanzia 100.* Imekufa siku ya kwanza. Wengi walifika 93, wakafika 86, wakanyamaza. Waliendelea kutembea kimya, na mtu anayetembea kimya hana kazi ya pili. Wachache waliona aibu, na mzee aliyeona aibu mbele ya kijana mwenye karatasi hatarudi wiki ijayo.

Historia inaeleza sehemu ya jambo hili. Elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa 1977. Mtu aliyezaliwa 1955 alikuwa na miaka 22 wakati huo. Wengi wa rika hilo walijifunza kusoma na kuhesabu kwenye madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima, yaliyoshika kasi kuanzia 1970. Wengine walienda chuoni, yaani madrasa, wakahifadhi mengi, lakini si hesabu za kutoa. Kipimo kinachotegemea kutoa saba kinapima shule pamoja na ubongo, na huwezi kuvitenganisha baadaye.

*Kutoa tatu tatu.* Inafaa zaidi. Ila namba zetu ni ndefu mdomoni: "themanini na tisa, themanini na sita, themanini na tatu." Katika mita 10 mzee anapata majibu machache tu, na jibu moja la ziada linabadilisha alama yake sana. Tumepunguza ukali wa hilo kwa kujumlisha majibu ya matembezi matatu badala ya kuhesabu kila tembezi peke yake.

*Kutaja majina ya samaki.* Tuliipenda kwa sababu kila mtu Tanga anajua samaki. Ndiyo ubovu wake. Mzee mmoja aliyevua maisha yake yote alishuka na changu, tasi, kolekole, nguru, pono, kibua, jodari, mfululizo, mwendo haujatikisika hata kidogo, akafika mwisho bado anaendelea kutaja. Kwake ile haikuwa kazi. Aliyemfuata, mstaafu wa reli aliyekulia bara, alitaja wanne akapunguza hatua kutafuta wa tano. Tofauti kati yao ni ya maisha waliyoishi, na kipimo kingeiandika kama tofauti ya afya. Tumebadilisha kuwa "vitu vinavyouzwa sokoni," ambavyo mvuvi, mama lishe na karani wote wanavifahamu kwa kiasi kinachokaribiana.

*Kubeba sinia lenye kikombe cha maji.* Anne Shumway-Cook na wenzake walitumia kikombe kilichojaa maji kwenye jaribio lao la 2000 la kuinuka kwenye kiti, kutembea mita 3 na kurudi. Sisi tuliweka sinia kwa sababu ndivyo chai inavyobebwa nyumbani. Majibu yanajirudia vizuri mno, lakini kwa kina mama wengi haipunguzi mwendo karibu chochote. Tumeibakiza kama kazi ya mikono, bila kuitegemea.

Maelekezo nayo yamebadilika. Tulipomwambia mtu "tembea huku ukihesabu," wengine waliweka nguvu kwenye hesabu na kusahau miguu, wengine kinyume chake, na mtu yule yule aliweza kubadili upande wiki ya pili. Sasa tunasoma kutoka kwenye karatasi, bila kuongeza neno: "Tembea kwa mwendo wako wa kawaida mpaka kwenye kile kiti, huku ukinitajia vitu vya sokoni kwa sauti. Fanya yote mawili pamoja, usiliache moja kwa ajili ya jingine."

27 Februari 2025: Vitu vidogo vinavyokula uthabiti

Mstari. Wapimaji wetu wawili walikuwa wanapishana kila mara na hatukujua kwa nini mpaka tuliposimama pamoja. Mmoja alibonyeza saa kidole cha mguu kilipofika kwenye tepu, mwingine unyayo wote ulipovuka. Kanuni sasa: unabonyeza saa pale mguu wa kwanza unapogusa sakafu upande wa pili wa mstari, mwanzo na mwisho vilevile.

Urefu wa njia. Kuna wanaotumia mita 4. Mkono wa binadamu kwenye saa hukosea kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Mtu wa mita 1 kwa sekunde anatumia sekunde 4 kwenye njia hiyo, kwa hiyo kosa ni 5%. Kwenye mita 10 kosa hilo hilo ni 2%. Kama nafasi ipo, usiifupishe.

Mteremko. Varanda imejengwa ikiinama kidogo ili maji ya mvua yaondoke, na kwa macho huoni. Tuliona kwenye karatasi: kwenda kulikuwa haraka kuliko kurudi, karibu kwa kila mtu. Tuliweka chupa ya maji kwa ubavu sakafuni ikabingirika yenyewe. Marekebisho ni kwamba kila hali inapimwa kwenda na kurudi, na tunachukua wastani.

Viatu. Wiki ya kwanza mtu alikuja na makubadhi, ya pili na kandambili zilizolegea. Sasa fomu ina mstari wa kiatu, na tunampigia simu siku moja kabla: "Mzee, njoo na vile viatu vya juzi."

Mlinzi. Lazima mtu awe karibu ili mzee asianguke mikononi mwetu. Akitembea sambamba, mzee anafuata mwendo wake. Mlinzi anakaa nusu hatua nyuma, upande mmoja, nje ya jicho.

Mwezi wa Ramadhani unaanza mwanzoni mwa Machi. Mtu aliyepimwa akiwa amekula na kurudiwa akiwa amefunga si mtu yule yule kwa mambo ya kasi na umakini. Tunasimama. Waliopimwa mara moja tu tutawaanza upya.

Gharama imepanda kwenye nauli. Bajaji ya kwenda na kurudi tumeiwekea Sh 4,000 kwa kila mzee kwa kila ujio, pamoja na chai na vitumbua. Hili ndilo fungu kubwa kuliko mengine yote, na anayepanga kuiga alianze hapa, si kwenye vifaa.

10 Aprili 2025: Baada ya Idi, wamefanya mazoezi

Tumerudi baada ya Idi na kukutana na tatizo jipya. Kwenye ujio wa pili wazee kadhaa walikuwa wepesi kuliko mara ya kwanza. Mama mmoja alieleza bila kuficha: wajukuu walimsikilizisha vitu vya sokoni jioni zote, kwa mpangilio, kuanzia nyanya mpaka mkaa. Aliipenda shughuli yenyewe, na kwa afya yake ni jambo jema. Kwa kipimo ni hasara.

Tumefanya mambo mawili. Kwanza, makundi ya majina sasa ni matatu (vitu vya sokoni, vyombo vya nyumbani, miji na mikoa), na mzee hajui atapewa lipi. Kwenye kutoa tatu tatu, namba ya kuanzia inabadilika kila tembezi. Pili, kuna matembezi ya kujizoeza ambayo hayaandikwi, kwenye ujio wa kwanza na wa pili. Sehemu kubwa ya kuzoea hutokea mwanzoni kabisa, na ni bora itokee kabla saa haijaanza.

Tumeongeza pia kipimo cha akili akiwa amekaa: kazi ile ile, kwa muda unaolingana na ule aliotumia kutembea. Bila hicho huwezi kujua kama aliyetembea kwa kasi nzuri aliinunua kasi hiyo kwa kuacha kufikiri. Sauti tunairekodi kwa simu na kuhesabu majibu sahihi kwa sekunde baadaye. Kosa moja linahesabiwa moja: akisema 71 badala ya 72, anayefuata sahihi ni 68.

6 Mei 2025: Simu kiunoni, na kwa nini tumeiweka pembeni

Kasi ni kitu kimoja. Kingine ni kiasi gani muda wa hatua unabadilika kutoka hatua hadi hatua. Kwa mtu mzima mwenye afya mabadiliko hayo ni madogo, asilimia chache tu, na utafiti wa Jeffrey Hausdorff na wengine umeyahusisha na kuanguka. Simu yoyote yenye kihisi cha mwendo inaweza kuyanasa. Tulitumia phyphox, programu ya bure kutoka chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani.

Jaribio la kwanza simu ilikaa kwenye pindo la kanga, ikawa inacheza yenyewe. Fundi cherehani alitushonea mkanda wa lastiki wenye mfuko, Sh 6,000, unaoikaza chini ya mgongo usawa wa kiuno, na mchoro ukatulia: kila hatua mlima wake.

Kilichotushinda ni idadi ya hatua. Mita 10 zina hatua chache mno, na ukitafuta mtawanyiko kwenye hatua chache unapata namba inayorukaruka kila wiki. Kutembea mfululizo dakika kadhaa kungesaidia, lakini varanda ni fupi, kila kona inavuruga mwendo, na ukizitupa hatua za kona zote zinabaki chache tena. Kwenye uwanja wa mpira ingewezekana. Kwa sasa tunaandika kasi tu.

28 Mei 2025: Hesabu

Tumepiga ICC, namba inayoonyesha kipimo kinajirudia kiasi gani (ikikaribia 1 ndiyo vizuri), kwenye R, programu ya takwimu ambayo ni bure. Tumechagua aina inayodai majibu ya wiki mbili yafanane kabisa, si yapangane tu. Wazee wote wakiongeza kasi kwa kiasi kimoja kwa sababu ya kuzoea, aina ile nyingine haioni kitu. Kwa kupima uzito wa namba tunafuata mgawanyo wa Koo na Li wa 2016: chini ya 0.5 ni dhaifu, 0.5 hadi 0.75 ni wastani, 0.75 hadi 0.9 ni nzuri, juu ya 0.9 ni nzuri sana. Pia tunachora mchoro wa Bland na Altman, tofauti za wiki mbili dhidi ya wastani wake, kwa sababu ICC peke yake inaweza kuficha mtu mmoja aliyeruka mbali.

Picha iliyojitokeza ni hii. Kasi ya kutembea peke yake inajirudia vizuri. Kasi ya kutembea na kazi ya pili nayo inajirudia vizuri, baada ya marekebisho yote ya hapo juu. Lakini *gharama* ya kazi ya pili, yaani asilimia ambayo mtu amepoteza, inayumba. Na hiyo ndiyo namba ambayo watu wengi huipenda kuitangaza.

Sababu inaonekana kwenye mfano wa karatasi. Tuseme mtu anatembea mita 1.00 kwa sekunde peke yake na 0.80 akihesabu. Gharama ni 20%. Wiki ijayo anatembea 0.95 na 0.82. Kila kasi imesogea kidogo tu, ndani ya kosa la kawaida la kipimo, lakini gharama imeshuka hadi 13.7%. Anayesoma asilimia atasema mzee amepona theluthi nzima.

Kuna hesabu ya jumla ya jambo hili. Kama kasi zote mbili zina uthabiti wa 0.9, zinatawanyika kwa kiasi kinacholingana, na zenyewe zinahusiana kwa 0.8 (mwenye mwendo mzuri kwa kawaida ni mwenye mwendo mzuri pia akihesabu), uthabiti wa tofauti yake ni (0.9 − 0.8) ÷ (1 − 0.8), yaani 0.5. Vipimo viwili vizuri sana vimezaa kimoja kilicho ukingoni mwa udhaifu. Sehemu wanayofanana watu imefutika kwenye kutoa, na makosa yamebaki yote.

Swali la pili ni la mtu mmoja mmoja: kasi lazima ibadilike kiasi gani ndipo tuamini kwamba mzee amebadilika kweli? Unachukua mtawanyiko wa kundi, unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 1 toa ICC, kisha kwa 1.96 na kipeuo cha pili cha 2. Kwa mtawanyiko wa 0.20 na ICC ya 0.90 unapata karibu mita 0.18 kwa sekunde (m/s). ICC ikishuka hadi 0.80, inakuwa 0.25. Sasa linganisha: Perera na wenzake mwaka 2006 walionyesha kwamba badiliko la 0.10 m/s tayari ni kubwa kwa maisha ya mzee. Mzee anaweza kupata nafuu ya maana nyumbani kwake na kipimo chetu cha siku moja kisiione. Dawa tuliyonayo ni wastani wa matembezi mengi zaidi, na kutomwambia mtu kitu kwa ujio mmoja.

19 Juni 2025: Tulipofika

Fomu imefika ukurasa mmoja na tunaigawa kwa anayeiomba. Ina kiatu, saa ya siku, kama amekula, kundi la majina alilopewa, namba ya kuanzia, sekunde za kila tembezi kwenda na kurudi, majibu sahihi akitembea na akikaa. Hakuna kisanduku cha gharama ya asilimia. Tunaandika kasi zote mbili kama zilivyo, pamoja na majibu ya akili, na daktari anayetaka asilimia ataipiga mwenyewe akiwa ameziona namba zilizoizaa.

Kinachofuata ni wapimaji wapya. Mpaka sasa sisi wawili ndio tumebonyeza saa zote, na tumezoeana. Wauguzi wawili wa zahanati jirani watapewa karatasi na tepu bila maelezo mengine, wapime wazee wale wale. Wakikosa kukubaliana nasi, tatizo liko kwenye maandishi ya maelekezo, na hayo ndiyo yatakayoandikwa upya. Nauli zao na za wazee zimeshatengwa.